Sungura 12 na majani ya miti: shajara yangu ya Pongwe, Tanga

18 Januari

Naanza kuandika leo kwa sababu nimechoka kubahatisha. Mwaka jana wote nimelisha kwa mazoea, leo pumba tupu, kesho pumba na mashudu, keshokutwa matembele nikipata, na sungura wanakua ndio lakini kwa kujikongoja, mpaka mmoja afike kilo 2 miezi 5 imekatika, halafu ukikaa ukapiga hesabu unakuta hela aliyokuletea kashaila mwenyewe kwa mashudu. Mashudu ya alizeti saivi nanunua shilingi 900 kilo kule Ngamiani, kuna siku hayapo, na kuna siku yapo ila ukiyashika unajua haya yamelala stoo muda mrefu. Mwezi wa 11 niliuziwa kiroba kizima ndani kimegandamana mabonge, duka silitaji, ila ile hasara ndo ilonifanya nianze kuangalia miti ya hapa kwetu kwa jicho jingine.

Maana majani yapo jamani. Lusina imejiotea yenyewe kandokando ya reli na pembeni ya mkonge, hakuna aliyeipanda wala anayeimiliki. Glirisidia ni uzio wa majirani zangu watatu. Mforosadi upo mkubwa mmoja nyuma ya jiko la mama na mingine miwili kwa babu jirani. Mlonge ndo usiseme.

Tatizo langu ni protini. Sungura anayekua anataka chakula chenye protini kama 15 mpaka 18 kwa 100, pumba za mahindi peke yake ni kama 10 hivi, kwahiyo ukimpa pumba na majani ya barabarani anashiba lakini nyama haijengeki. Lusina ikikauka inafika 20 na zaidi, mforosadi unategemea jani changa au limekomaa lakini unacheza 15 mpaka 25, mlonge nao uko juu. Kwa karatasi miti inayashinda pumba mbali kabisa. Sasa mi nataka nione kwenye mizani.

25 Januari

Kabla sijaanza nimefanya jaribio dogo la kuonja. Sungura wakubwa wanne, kila mmoja nimemuwekea mafungu matano ya majani mabichi, gramu 100 kila fungu, nikaondoka nikarudi baada ya masaa mawili kupima kilichobaki. Mforosadi haukubaki hata kikonyo. Mlonge wamemaliza wakaanza kuguguna vijiti. Lusina karibu yote. Mfenesi nusu nusu, wanachagua laini wanaacha gumu. Glirisidia wamenusa, mmoja kang'ata mara moja akageuka, zimebaki gramu 90 na kitu kwa kila mmoja.

Nikiwa nazoa yale mabaki babu kapita na baiskeli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo umewapa nani?"

"Sungura babu, wameikataa."

"Wana akili. Bwana shamba aliyetuletea miche ya huo mti alituambia ni dawa ya panya."

Nimeenda kusoma na babu yuko sahihi, hata jina lenyewe glirisidia kwa Kilatini maana yake ni muuaji wa panya, na kule Amerika ya Kati ulikotoka watu walikua wanachanganya magome au majani yake na mahindi wanatega panya. Ndani yake kuna kitu kinaitwa kumarini, ndo kinatoa ile harufu nzito ukisugua jani. Lenyewe bichi mbuzi na ng'ombe wanakula na wananenepa, hatari kubwa inakuja jani likivunda, ukungu unaigeuza kumarini inakua dikumaroli, na hiyo inazuia damu kuganda, mnyama anavuja damu ndani kwa ndani. Miaka ya 1920 ng'ombe wengi walikufa hivohivo Marekani na Kanada kwa kula majani ya malisho yaliyovunda yenye kumarini, na utafiti wa vile vifo ndo baadae ukazaa warfarin, sumu ya panya inayouzwa mpaka leo.

Kwahiyo glirisidia nimeitoa kwenye mradi. Nilichobeba hapo ni kwamba jani la kukausha lisipoangaliwa linaweza likageuka kitu kingine kabisa, na hili nataka nilikumbuke kila siku nikifungua gunia.

Mlonge nao nimeuacha, sio kwa ubaya, ni kwamba mama anapika majani yake na majirani wanakuja kuomba, siwezi kushindana na mboga ya watu.

1 Februari

Leo ndo siku ya kwanza. Mama sungura watatu walizaa ndani ya siku nne, vitoto vina wiki 5 vimeshaachishwa, nimechagua 12 vinavyokaribiana, wastani gramu 560. Nimevigawa makundi matatu ya wanne wanne na kila kundi limepata watoto wa mama wote watatu, maana nikiweka watoto wa mama mmoja kundi moja sitajua kama ni chakula au ni mbegu. Namba nimeandika ndani ya sikio kwa makapeni, inafutika nitakua narudia kila Jumamosi nikipima.

Kundi la mashudu: kwa kila 100, pumba 70, mashudu ya alizeti 28, chumvi na unga wa mifupa 2.

Kundi la lusina: pumba 70, unga wa lusina kavu 20, mashudu 10 yaliyobaki kuziba pengo, na ile chumvi kidogo juu yake. Sijathubutu kupita 20 na sababu nitaeleza.

Kundi la forosadi: pumba peke yake gramu 45 kwa kichwa kwa siku, na majani ya mforosadi yaliyonyauka gramu 150. Hakuna mashudu hata punje.

Haya makundi mawili ya mwanzo nawapa gramu 70 ya mchanganyiko. Wote wanapata nyasi kavu muda wote na maji. Nimepiga hesabu ya protini kwa makadirio, makundi yote matatu yanaangukia kama 14 na nusu hivi, chini kidogo ya inavyotakiwa, ila wako sawa na hicho ndo cha muhimu kwa kulinganisha.

Kuhusu lusina. Ina kitu kinaitwa mimosini, kipo kwenye jani na kipo zaidi kwenye kichomozo, kile kijani laini cha juu. Mnyama akila nyingi kwa muda mrefu ananyonyoka manyoya na tezi la shingo linavimba. Kaka mmoja anafuga ng'ombe wa maziwa njia ya kwenda Buhuri nilimuuliza akacheka, akasema mbona ng'ombe wangu nawakatia lusina kila siku na maziwa yanatoka. Ndio, ila ng'ombe na mbuzi wana tumbo la kwanza lenye bakteria, na yupo bakteria anayeivunja hiyo sumu. Hata wao sio wote wanae, Australia ng'ombe walikua wanaumwa mpaka miaka ya 1980 mwanzoni walipochukua maji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii wakayapeleka kwa ng'ombe wao, baada ya hapo mambo yakatulia. Sungura hana huo mpangilio. Tumbo lake la kuchachisha liko nyuma, chakula kimeshapita sehemu ya kunyonywa ndo kinafika kwa bakteria, kwahiyo sumu inaingia kwenye damu kwanza. Asiniambie mtu "kama ng'ombe anakula sungura naye atakula".

4 Februari

Kukausha kumenifundisha adabu. Lusina kilo 5 mbichi na matawi yake madogo imenipa unga kilo 1 na robo. Uzuri wake ukiianika haikupi kazi ya kuchambua, vijani ni vidogo mno, siku ya pili unashika tawi unalikung'uta juu ya turubai vinamwagika vyenyewe kama mchele, mkononi unabaki na mifupa mitupu. Nilianika kwanza juani kwa sababu kaskazi hii jua halina mchezo, saa 9 mchana majani yameshageuka rangi ya njano, nikatoa nikahamishia chini ya mwembe. Ya kivulini yanabaki kijani mpaka siku ya tatu na yanatoa harufu ya chai kavu. Halafu kinu na mchi, halafu ungo.

Unga mkavu nao una shida, sungura wanapiga chafya, vumbi linawaingia puani wanajipangusa kwa miguu ya mbele. Nanyunyizia maji kidogo tu, unakanda mpaka ukifinya kwenye kiganja unashikana, ukiachia unamomonyoka. Yakizidi maji unachacha kabla ya jioni.

8 Februari

Wiki ya kwanza. Wote wanakula. Joto kali, banda nimetundika magunia mabichi upande wa magharibi maana sungura joto likivuka 30 anaacha kula analala amejinyoosha anahema, na asipokula hata umpe jani la dhahabu hujafanya kitu.

12 Februari

Nimepoteza mmoja. Namba 10, kundi la forosadi, na kosa ni langu.

Jana nilienda kwa babu kuchuma forosadi asubuhi, nikajaza kiroba nikashindilia nikafunga nyuma ya baiskeli, halafu nikapitia mjini kununua pumba, foleni ya mashine ndefu, nimerudi nyumbani saa 8 mchana. Nilipofungua kiroba niliingiza mkono nikasikia moto, yani majani ya katikati yalikua ya vuguvugu kama ugali uliofunikwa, na unyevu kwenye vidole. Nilijua sio sawa. Ila walikua na njaa, nikayatandaza kama dakika kumi yapoe nikawapa. Watatu wamekula wakawa wazima. Namba 10 yeye ndo mlaji kuliko wote, usiku kajikunja kwenye kona anasaga meno, tumbo limejaa kama ngoma, ukigonga kwa kidole linaita. Nilimsugua tumbo, nikamtembeza kwenye majani, alfajiri akawa ameshakatika.

Jani likishapashika moto kwenye kiroba limeshaanza kuchacha, kulipoza hakulirudishi nyuma. Kuanzia leo nachuma na kikapu, sishindilii, nikifika natandaza kwenye mkeka kivulini majani yanyauke masaa manne ndo nawapa. Na siku nina safari nachuma baada ya safari sio kabla.

Kundi la forosadi sasa ni watatu, hesabu zote za mbele ni za hao watatu.

15 Februari

Wastani kwa gramu: mashudu 790. Lusina 770. Forosadi 760. Wanakaribiana sana. Forosadi walirudi nyuma siku mbili baada ya ile shida halafu wakakaza.

19 Februari

Shangazi kaja toka Lushoto, kaona nahangaika na majani akaniambia kule kwao miparachichi imejaa atanitumia gunia kwa basi. Nimemshukuru nikamuomba asitume. Majani ya mparachichi yana sumu inayopiga moyo na sungura ni mmoja wa wanyama inaowaua. Mjohoro hivohivo siugusi, unajulikana kwa kuua nguruwe. Naandika hapa kwa sababu sio kila jani la kijani ni chakula na mtu akisikia "majani ya miti" anaweza akaenda kukata mti wowote ulio karibu na banda.

1 Machi

Mfungo wa kwanza leo. Mizani: mashudu 1,060, lusina 980, forosadi 1,020.

Lusina wameanza kubaki nyuma na sielewi. Kwa hesabu ya protini wako sawa na wenzao, chakula wanamaliza.

5 Machi

Saa ya daku nimetoka na tochi kuangalia maji, nikawakuta wawili wa kundi la forosadi wamejikunja kichwa katikati ya miguu ya nyuma, wanatafuna. Mdogo wangu alikua nyuma yangu akaniuliza dada hawa wanakula mavi? Nikamwambia ndio, na waache. Sungura anatoa kinyesi cha aina mbili, kile kikavu cha duara tunachokiona chini ya waya, na kingine laini kinachong'aa kama kishada kidogo cha zabibu, hicho anakichukua kwa mdomo moja kwa moja kinapotoka hakigusi hata sakafu. Ndani yake kuna miili ya bakteria waliokulia kwenye tumbo la nyuma, ni protini nzuri na vitamini za kundi B. Kwahiyo sehemu ya jani ambayo safari ya kwanza haikumfaa inamrudia safari ya pili. Ndo maana mnyama mdogo hivi anaweza kuishi kwa majani.

Dogo kasimama pale na tochi mpaka mama katuita chai inapoa na adhana inakaribia.

8 Machi

Leo nimepata jibu la lusina na limenikera.

Nikiwa nampima namba 6 nimempitisha mkono mgongoni, manyoya yamebaki kwenye vidole. Nikapuliza, unaona ngozi ya pinki sehemu kama ya shilingi mia mbili hivi karibu na kiuno. Namba 7 naye ananyonyoka pembeni ya mapaja. Sio ukurutu, hakuna magamba masikioni wala hawajikuni, ngozi ni safi kabisa, manyoya tu yanaachia. Nikajua mimosini. Lakini kwa 20 na jani lililokauka sikutegemea.

Nikamuita dogo. "Unawapa kitu kingine hawa?" Kanyamaza. Baadae kasema kila jioni akitoka shule anapita relini anawakatia vichomozo vya lusina, anawapa hawa kwa sababu ndo kundi la lusina, alidhani ananisaidia, na wanavipenda wanamkimbilia akifika. Tena anachagua vile laini vya juu. Vilevile ambavyo sumu imejaa.

Sikumgombeza. Ni mimi sikumueleza, nimempa kazi ya kuwapenda wanyama sijampa sababu. Tumekaa chini nikamuonyesha jani changa na jani lililokomaa, nikamueleza kama nilivyoeleza hapa juu. Sasa yeye ndo anaandika daftari la wanachokula jioni.

Ila naona kuna kitu kingine zaidi ya vile vichomozo. Maabara wakipima protini ya jani hawapimi protini yenyewe, wanapima naitrojeni halafu wanazidisha kwa 6.25. Mimosini yenyewe ina naitrojeni, inahesabiwa humohumo. Na tanini zilizomo zinaishika protini ikapita tumboni bila kusagika. Kwahiyo ile 20 na zaidi ya lusina kwenye karatasi sungura wangu haipati yote. Namba ya jani na namba ya sungura ni vitu viwili.

Nimepunguza lusina toka 20 mpaka 5, na hapo palipobaki nimeweka unga wa forosadi kavu. Najua nimeshaharibu usafi wa jaribio, ila siwezi kumwangalia mnyama ananyonyoka ili daftari langu lipendeze.

15 Machi

Mashudu 1,330. Lusina 1,150. Forosadi 1,270. Manyoya ya namba 6 hayajaongezeka kutoka, ngozi imeanza kufunikwa na vinywele vifupi.

20 Machi

Mvua ya kwanza ya maana usiku. Asubuhi nimefungua gunia la unga wa lusina lililobaki, juu kavu, nikachomeka mkono mpaka chini nikatoa bonge limeshikana na uzi mweupe kama pamba ndani yake. Kilo 3 na kazi ya siku tatu. Nimebeba lote shimo la mboji, sikutaka hata kuchambua lililo zima. Gunia lilikua limegusa ukuta na ukuta unatoa jasho masika. Forosadi kavu iko kwenye ndoo yenye mfuniko juu ya kichanja, hiyo iko salama, inavunjika kwa sauti ukiifinya.

Kukausha majani ni kazi ya kaskazi. Masika hii nalisha mabichi yaliyonyaushwa tu, na ya mvua nayakung'uta nayatandaza ndani mpaka maji yaishe juu.

29 Machi

Wiki 8 zimetimia. Nimepima kabla ya kuwalisha, mama kashika beseni, dogo kaandika.

Mashudu wastani 1,575. Lusina 1,340. Forosadi 1,510.

Kwa siku: mashudu wameongeza gramu 18, lusina 14, forosadi 17. Mtu wa mradi mkubwa mwenye chakula cha kiwandani na sungura wa mbegu atasema 18 ni ndogo, na ni kweli wenzetu wanapata mara mbili ya hiyo, ila kwa joto la Tanga na pumba za mashine mimi hii nimefurahi nayo, mwaka jana nilikua nafika kama 13 tu.

Sasa hela. Sungura mmoja wa mashudu kwa wiki 8 kala pumba za kama 1,370 na mashudu ya karibu 990, jumla 2,360. Wa lusina 1,720 kwa sababu bado nilimuwekea mashudu kidogo. Wa forosadi 1,260, pumba tu. Ukigawa kwa kilo aliyoongeza: mashudu 2,325 kwa kilo, lusina 2,205, forosadi 1,326.

Niliangalia hiyo ya mwisho mara tatu. Lusina ambayo ndo niliitegemea, ile ya bure kando ya reli, imeniokolea shilingi 120 kwa kilo, na hapo sijahesabu kukausha, kutwanga, gunia lililovunda na mnyama aliyenyonyoka. Forosadi ambayo kwa karatasi iko sawa nayo au chini imepunguza gharama karibu nusu na ukuaji umekua mdogo kwa gramu moja tu kwa siku. Haina sumu ya kuogopa, sungura anaipenda, na siitwangi.

Najua makundi ni madogo, forosadi watatu tu. Nitarudia na watoto wa mwezi wa 5. Ila namba hazijakaribiana kiasi cha kunifanya nisite.

2 Aprili

Sikukuu imepita salama. Wanne wameenda, 25,000 kila mmoja, wawili wa mashudu na wawili wa forosadi, wanunuzi wamewashika mgongo hawakuona tofauti. Bei ni ileile. Mmoja kauliza kama nyama inanuka majani, nikamwambia aje anieleze akishapika.

12 Aprili

Tatizo jipya: majani hayatoshi. Sungura watatu wa jaribio kwa gramu 150 ilikua karibu nusu kilo kwa siku na mti wa nyuma ya jiko umebaki kichwa tu, chini mweupe. Nikitaka sungura 20 wanaokua kwa wakati mmoja nataka kilo 3 kila siku ya Mungu. Siwezi kuendelea kumsumbua babu.

Babu mwenyewe ndo kanipa njia. Kaniita, kashika panga, kakata matawi yaliyokomaa unene wa kidole gumba, kayakata pingili za urefu wa shubiri moja na kidogo, kila moja na macho matatu au manne. "Jicho liangalie juu mjukuu wangu, ukigeuza linakufa. Na masika usiiache ipite." Tumepata pingili 120. Nimezichomeka kwa kulaza kidogo, mstari na mstari hatua moja, ndani ya mstari nusu hatua, zikishika nitakua nakata kwa zamu kila baada ya wiki 6 mpaka 8 zinachipua upya, kichaka kifupi cha kuchuma nimesimama sio mti wa kupanda. Mbolea ninayo, inaanguka chini ya waya kila siku.

3 Mei

Mvua zimepiga wiki nzima, uwanja tope. Dogo kahesabu asubuhi: pingili 87 zimetoa macho, nyingine bado nyeusi, 9 zimeng'olewa na kuku wa jirani. Zile za mstari wa karibu na banda zina majani mawili mawili tayari, ukubwa wa kucha, yanang'aa.

Namba 6 manyoya yamejaa. Amebaki kuwa mzazi, sijamuuza.